Pini Iliyowekwa Ivunjike

Niliisikia mota kabla sijauona mtumbwi. Sauti ilitoka nyuma ya matete, nzito, ya kukaza, kama mtu anayejaribu kuinua gunia la pamba lililomzidi nguvu. Mota ya umeme ikiwa salama haisikiki kutoka ufukweni. Mama aliacha kugeuza dagaa.

"Imenasa," alisema. "Na bado anaiongezea moto!"

Aliyekuwa akiiendesha ni mjomba, mdogo wake mama. Mtumbwi na mota ni vya mama. Aliuza ng'ombe wake kuvipata, na hapa Kalemela watu hawajamaliza kumsema. Mwanamke anaweza kumiliki mtumbwi, lakini hapandi. Akipanda, eti samaki wanakimbia.

Mashine za petroli zilimfundisha mjomba tabia moja: propela ikinaswa na magugu au wavu, ongeza moto mpaka ikate. Mota ya umeme haiendi hivyo. Ikizuiwa kuzunguka inazidi kuvuta umeme, nyaya za ndani zinachemka, mwisho zinaungua. Ndiyo maana propela yetu inashikiliwa na pini laini ya shaba. Ikikwama, pini inavunjika, mota inapona, na wewe unapiga kasia kurudi. Mjomba alichukia kuonekana na wenzake akipiga kasia.

Nilikimbia hadi kwenye matete. Mtumbwi ulikuwa umesimama pale, wavu mkuukuu umejiviringisha kwenye propela, harufu ya kuungua imetanda. Mjomba bado aliongeza moto. Niliingia maji ya kifua, nikajivuta ndani ya mtumbwi, nikachomoa waya wa betri.

Mota ikanyamaza. Kisha mtu akapaza sauti kutoka ufukweni: "Mayu! Mwanamke kapanda! Kesho tutavua vyura!" Wakaangua kicheko. Nikabaki nimesimama humo humo mtumbwini, wanione vizuri.

Nyumbani mama aliifungua propela. Mahali pa pini palikuwa na kipande cha spoku ya baiskeli, chuma kisichovunjika. Alikitoa, akaunganisha betri, tukashusha pumzi: mota ilizunguka. Tulikuwa tumewahi.

"Pini zako zinavunjika kama njiti za kiberiti, dada," mjomba alisema.

"Nimeziweka zivunjike."

"Na huyu binti yako? Amekanyaga mtumbwi mbele za watu! Nani atapanda nami tena?"

"Asingekanyaga, sasa hivi ningekuwa na chuma cha kufungia mbuzi."

"Basi chagua. Mimi, au hizo pini."

Mama alikuwa akigonga pini mpya taratibu. Hakuinua macho. "Acha ufunguo wa sanduku la betri."

Mjomba alinigeukia, mimi ninayeandika hesabu za mama. "Wewe mwandishi, utavua kwa kalamu?"

"Nitavua kwa nyavu za mama, mjomba. Alfajiri."

Alisubiri mama anikemee. Mama akaendelea kugonga. Mjomba akautupa ufunguo mezani, akatoka bila kuaga.

"Funga," mama alisema, "kuku wasiingie."

Nikausukuma mlango nyuma ya mjomba mpaka komeo likaingia.