Gundi Iliyokauka

Mhandisi mmoja walimwita Bisibisi, na jina lilimkaa kuliko hata shati lake. Maisha yake yote alitengeneza vitu ambavyo vikiharibika unavizima, unavifungua, unapuliza vumbi, unaviwasha tena. Kisha wakubwa wa chuo chake wakatangaza ushirikiano kati ya wahandisi na watu wa baiolojia, na ili ushirikiano uote mizizi, wakaweka birika moja la chai kwenye korido. Mwaka mzima ushirikiano ukawa kugombania birika.

Mpaka alipoletwa mshonaji mmoja katika hospitali ya chuo. Jiko lilimlipukia, mkono wa kulia ukaungua kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mtaalamu wa chembe hai, mwanamke asiyecheka ovyo ambaye wahandisi walimwita Mama Chembe, alikata kipande cha ngozi ya paja la kulia la mshonaji ili akioteshe, kije kuufunika mkono. Bisibisi akatengeneza kasha la kukitunza katika joto la mwili. Mlango ukavuja kidogo. Akauziba kwa gundi, akaigusa kwa kidole, imekauka. Kwa mhandisi, kilichokauka kimekwisha. Lakini gundi iliendelea kutoa mvuke wake humo ndani, taratibu, na ngozi ikafa yote.

"Uliweka nini mle?" Mama Chembe aliuliza.

"Gundi tu, dada. Ilishakauka."

"Imekauka kwako. Chembe zinaivuta."

"Si ungeniambia."

"Nikuambie nini? Nani asiyejua hilo?"

"Mimi."

Mama Chembe akavua glavu, akakaa. "Na mimi sikuuliza umezibia nini," alisema. "Nilifurahi tu mlango umefunga." Kisha akainuka. "Twende tukamwombe kipande kingine."

"Wewe ndiye wa kuongea na wagonjwa."

"Na wewe ndiye mwenye gundi. Twende."

Wodini Bisibisi alianza kwa lugha ya ripoti: "Mama, kulijitokeza hitilafu ndogo ya..." Mama Chembe akamkanyaga mguu.

"Ngozi yako imekufa, mama," akasema upya. "Niliziba mlango kwa kitu kinachodhuru. Sikujua, na mwenzangu hakujua nimekiweka."

Mshonaji alitazama bandeji mkononi mwake.

"Mnakaa jengo moja?"

"Korido moja."

"Na hamsemezani, wasomi wangu. Mliponikata, niliuma shuka. Sasa sikilizeni. Mkitengeneza kasha lingine, mlilete hapa kabla halijawekwa kitu. Wewe dada umwambie ngozi inataka nini. Wewe baba umwambie kasha lina nini. Mbele yangu. Nisipoelewa, paja langu nabaki nalo."

Wakalileta. Bisibisi akalifungua juu ya shuka, kipande kwa kipande, na kwa kila kimoja akauliza, "Na hiki?" Mama Chembe akanusa, akauliza kimetokana na nini, viwili akavikataa. Bisibisi aliviweka kando bila ubishi, jambo ambalo mkewe asingeliamini. Mshonaji naye akauliza maswali yake, mengine mara mbili, wakamjibu kwa zamu.

Mwishowe akageukia ukutani, akajifunua shuka.

"La kushoto sasa," akasema.