Wakili Aliyekaa Chini Mapema

Mimi mtu akinifanyia kazi bure namwangalia mara mbili. Ndiyo maana yule wakili nilimtilia shaka tangu siku aliposhuka kwenye bodaboda hapa kwangu Heru Juu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akasema ametumwa na shirika la msaada wa kisheria la Kasulu mjini na kwamba sitatoa chochote. Alikuwa binti mdogo, mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza. Sisi huku nyumbani ni Kiha, Kiswahili tumekikuta barabarani, kwa hiyo mtu akiongea laini namna ile naanza kujiuliza anaficha nini.

Kesi yenyewe ilikuwa ya shamba. Mimi nimezaliwa Kitahana, Kibondo, nikaja hapa kijana kwa mjomba wangu. Mjomba hakuwa na mtoto, akanipa shamba lake, linaanzia njiani mpaka kijitoni. Nimelima humo mpaka mgongo umepinda. Mjomba akafa, na wote walioshuhudia akinipa wakafa, ndipo jirani yangu akakumbuka kwamba shamba lilikuwa la baba yake, yeye mwenyewe kalilima ujana wake wote, na mjomba aliazimwa tu. Akanishtaki Baraza la Ardhi. Nikishindwa, mimi na mke wangu tungebaki na nyumba na migomba minne ya uani, na kwa umri huu tungeanza kuzungukia watu kuomba muhogo. Nani angetupa? Mpaka leo nikikosana na mtu hapa naitwa "yule wa Kibondo".

Wakili akataka nimweleze yote. Nikamweleza. Kusimulia naweza, hata kwenye misiba watu hunisogezea kigoda. Siku ya kwanza aliandika daftari zima. Siku ya pili akaulizia kitu kimoja tu, jiwe.

Katikati ya shamba, chini ya udongo, limelala jiwe bapa, pana kama sakafu ya nyumba. Udongo juu yake haufiki shubiri. Kwa macho huoni kitu, nyasi zinaota na maharage yanaota, lakini jembe linalijua. Mwaka wangu wa kwanza nilivunja mipini miwili, na mjomba amekaa ukingoni anacheka, alijua na hakusema. Mjomba alikuwa na tabia hizo. Aliwahi kumpa mtu wa Mabamba mzinga wa nyuki abebe kichwani, akamwambia ni mtupu. Lakini hiyo si kesi.

Habari ya jiwe aliniuliza siku ya pili, ya tatu, ya nne. Nikamwambia mke wangu, "Huyu anakusanya maneno yetu ayapeleke kwa jirani." Mke wangu akasema, "Jiwe atalipeleka wapi?"

Tena alikuwa bado anajifunza kazi. Alisema mwenyewe, ilikuwa kesi yake ya tatu kusimama peke yake. Basi akawa anakuja jioni kujizoeza mbele yetu. Anasimama uani, anaweka mikono nyuma, anaanza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa mujibu wa kifungu..." Mke wangu yuko kwenye mkeka anapukuchua maharage. Siku moja wakili akakatisha.

"Bibi, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu. Endelea tu, maharage haya nitayamaliza kabla yako."

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo akawa hatutazami usoni. Anatazama mikono ya mke wangu. Neno likisemwa na mikono ikaendelea, analifuta. Mikono ikisimama, analipigia mstari. Mimi nikaona huo ni uchawi mdogo wa mjini.

Kisha akanigeukia.

"Babu, nikikuuliza, jibu, halafu nyamaza."

"Nikinyamaza si watadhani nimeishiwa?"

"Waache wadhani. Heru Juu ulikuja lini?"

"Sasa hapo lazima nianze na ile baiskeli ya..."

"Babu!"

"Nilikuja kijana, mjomba akiwa hai."

"Ahsante."

"Ahsante ya nini? Hata mlangoni kwa mjomba hujanifikisha!"

Siku ya kesi tukafika Kasulu mapema. Nazunguka nyuma ya baraza kutafuta choo, nani namwona kwenye kibanda cha chai? Wakili wangu na wakili wa jirani, meza moja, chapati moja wanaimega wote, wanacheka. Nikasahau hata choo.

Ndani sasa. Jirani akatoa ushahidi wake, mrefu, mzuri, hata mimi nilikaribia kumwamini. Wakili wangu akasimama kumdodosa.

"Shamba ulililima mwenyewe?"

"Miaka mingi."

"Kwa jembe la mkono?"

"La mkono."

"Lote?"

"Kutoka njiani mpaka kijitoni."

"Udongo wake ukoje?"

"Laini kama unga. Jembe linazama lenyewe."

Nikasema moyoni, sasa mpige na jiwe! Mwulize jiwe!

"Ahsante. Sina swali lingine," akasema, akakaa.

Akakaa! Ilipofika zamu yangu akaniuliza udongo, nikasema katikati kuna jiwe chini, nikavuta pumzi nianze habari ya mipini, naye akasema, "Ahsante, mzee wangu." Baadaye akaliomba baraza lije kuona shamba lenyewe, wakakubali, wakapanga siku. Nje nikamwambia, "Wewe binti, umemeza ushahidi wangu." Akajibu, "Babu, niamini. Na shambani usiguse kitu." Usiguse kitu! Kwa nini mtu akuambie usiguse kitu kwenye shamba lako?

Nilikaa siku zile nikiwaza ile chapati. Kesho baraza linakuja, leo alfajiri nikachukua jembe nikaenda. Nikafukua pale katikati, upana wa mkeka, mpaka jiwe likatoka. Nikaona bado lina udongo udongo, nikateka maji kijitoni nikaliosha. Liling'aa. Nikarudi nyumbani nikanywa uji nimeridhika.

Wakaja, Mwenyekiti na viatu vyake vyeusi, wazee wawili wa baraza, mawakili wote wawili, jirani na ukoo wake. Wakili wangu alipoliona lile jiwe limeoshwa, uso ulimbadilika. Wakili wa jirani ndiye aliyesema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, udongo huu ni wa jana. Jiwe hili limeletwa likapandwa hapa. Huu ni ushahidi wa kutengeneza."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Wa Kibondo huyo."

Hapo ndipo nikaona shamba linaondoka kweli, na nililiondoa kwa jembe langu mwenyewe.

Mwenyekiti akauliza, "Nani amechimba?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Yote yalinijaa mdomoni, Kitahana, mjomba, mipini, chapati. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amejishika mikono tumboni, imetulia, anasubiri.

"Kwa sababu sikumwamini wakili wangu," nikasema. Nikanyamaza.

Mzee mmoja wa baraza akaanza kucheka, wa pili akamfuata, na hata Mwenyekiti akapangusa mdomo. Akaomba jembe. Nilidhani atanipa mimi, akampa jirani.

"Wewe umelima hapa miaka mingi. Hapa pamechimbwa, paache. Chagua pengine, hapa hapa katikati, utulimie kidogo."

Jirani akalishika jembe, akasogea hatua tano, akapiga. Kang! Akasogea tena, anapima kwa jicho kama mtu anayevuka mto asioujua. Kang! Mara ya tatu mpini ukalia. Akaliweka jembe chini polepole na kujipangusa viganja.

Uamuzi ulisomwa baadaye, shamba likabaki kwangu. Wakili alikuja kuniletea nakala, safari hii viatu miguuni, tope lilikuwa limekauka. Nikamwuliza siku ile kibandani walikuwa wakicheka nini. Akasema chapati ilikuwa ngumu kama ngozi. Sikuamini, na sasa bado siamini. Chapati za pale si ngumu.

Naye akanitazama muda, kwa lile jicho la shaka nililokuwa nikimtazama nalo mimi.

"Babu, na lile jibu lako la siku ile, sikumwamini wakili wangu, ulipanga na nani?"

"Nipange na mtu? Hapana. Lilitoka lenyewe."

Hakusema ananiamini. Akageuza macho kwenye mkeka kutazama mikono ya mke wangu. Mke wangu alikuwa anapukuchua maharage tu, wala mikono haikusimama.