Maua Niliyomficha Mjomba

Sisi tuliosoma Nachingwea wakati matingatinga ya mradi wa karanga yakingali yananguruma porini, tulilelewa na shaka kama wengine walivyolelewa na uji. Tuliyashuku maziwa ya unga. Tulimshuku bwana wa afya aliyetuamuru tufungue vinywa. Tulikishuku hata kipande cha chuma cha tingatinga bovu kilichotundikwa shuleni kuwa kengele, kwa kuwa kilikuwa cha Wazungu na huenda wangekuja kukidai. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka vumbi jekundu lenye harufu ya dizeli, mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na ule mchezo wetu wa rede uliotuacha na michubuko ambayo hatukuthubutu kuionyesha nyumbani. Kijana wa leo akichubuka kidole hutafuta cheti cha daktari apumzike wiki nzima.

Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Nambambo, nikisoma shule ya kati, msichana mmoja kati ya wanne darasani. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Bakari, alikuwa na shati moja jeupe ambalo hatukuliona likiwa chafu hata siku moja. Asubuhi moja aliingia na vitabu sita alivyoazimwa na Mhindi mwenye duka la nguo, ambaye mwanawe alikuwa akisoma Bombei. Hadi siku ile Kiingereza kwetu kilikuwa lugha ya theluji, ya mbwa wanaolala ndani ya nyumba, na ya watoto wanaolia kwa sababu chai imechelewa.

“Hizi ni hadithi za Wahindi,” alisema Mwalimu Bakari. “Kiingereza si chao, lakini wamekitia kazini. Someni muone walivyofanya.”

Zuhura, aliyekaa nami dawati moja na ambaye hakuweza kunyamaza, aliinua mkono. “Mwalimu, kama si chao, nani aliwasahihishia?”

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. “Hilo ndilo nataka mlitafute,” alisema.

Nakiri kwamba hatukumwamini. Wahindi tuliwajua wakipima marikani kwa yadi. Hatukujua kwamba waliweza kukaa chini wakaandika huzuni. Kitabu kilichoniangukia kilieleza habari za mama mmoja wa kijijini ambaye mumewe alikwenda mjini kutafuta kazi ya kiwandani, akaacha kuleta habari. Mama yule aliteka maji, alilisha ng’ombe wake mmoja, akangoja. Nilisoma nikitafuta hila, na kila nilipogeuza ukurasa nilimwona mama wa jirani yetu, ambaye mumewe alichukuliwa manamba kwenye mkonge wa Tanga.

Likizo ya mavuno ilipofika nilipewa ruhusa ya kuondoka na kitabu. Nilikifunga ndani ya kaniki, nikaenda nacho Chinongwe, nyumbani. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mchuuzi mmoja wa chumvi alikuwa amewaambia watu kwamba watoto wa Nachingwea wanafundishwa kitabu chenye miungu ya Kihindu.

Ninyi mliozaliwa upande huu mnajua kwamba kwetu baba hulisha, lakini mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba wangu Mkwanda, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mtu wa swala tano na wa maneno machache. Hakupata kusoma zaidi ya juzuu za chuo cha Kurani, ila akili yake ilikuwa kali kuliko tezo aliyochongea mipini ya majembe. Mtama wa ngoma yangu ya unyago ulikuwa umekwisha kutengwa ghalani, na mtu wa kijiji cha Nambilanje alikwisha kuulizia habari za kunioa. Hakuna aliyenificha kwamba kitabu kile kikionekana kibaya, sitarudi shuleni.

Baada ya swala ya alasiri Mjomba aliniita uani, akakaa juu ya kigogo, akaanza kuchonga.

“Niambie kwanza,” alisema. “Ameandika Mhindi, kwa lugha ya Mzungu, anasoma Mmwera. Watu watatu, na kila mmoja yuko nje ya nyumba yake. Hapo pana jambo.”

“Ni hadithi tu, Mjomba.”

“Waongo wote husema hivyo. Soma, na uniambie kwa Kiswahili kila linalosemwa.”

Nilisoma. Tezo ilikwenda tak, tak, tak, na vibanzi viliruka miguuni pangu. Mama alikuwa akipepeta ufuta karibu nasi, akijifanya hasikii. Kwa siku tatu tulikwenda hivyo. Mjomba aliuliza ng’ombe yule anatoa maziwa kiasi gani, akasema mume ni mjinga, kiwandani hakulimwi. Nilianza kutumaini.

Siku ya nne nilifika mahali ambapo mama yule anachuma maua kabla ya jua kuchomoza, anakwenda hekaluni na kuyaweka miguuni pa sanamu ya mawe, kisha anarudi na kukuta ng’ombe amekata kamba. Hapo niliona mtama ghalani, nikamwona mtu wa Nambilanje. Nikafanya ambalo mimi, ninayewahubiria wengine ukweli, sikupata kulisimulia hadi leo. Nilisoma kuhusu kuchuma maua, nikaruka ukurasa mzima, nikaendelea na ng’ombe.

Tezo ilinyamaza.

“Mpwa wangu.”

“Naam, Mjomba.”

“Mwanamke huyo ametoka na maua mikononi. Amerudi anashika kamba ya ng’ombe kwa mikono miwili. Maua yako wapi?”

Ungo wa mama nao ulinyamaza.

“Labda aliyatupa njiani,” nilisema.

“Mtu aamke kabla ya jua achume maua ya kutupa? Usinifanye mimi mtoto wa jana. Soma hapo ulipofukia.”

Nikasoma. Nilisoma sanamu, nilisoma ubani, nilisoma dua ya mama yule neno kwa neno, nikilia. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia juu ya mpini. Kisha alisema polepole, “Mlango aliobisha sio. Lakini shida yake naijua. Hata hapa Chinongwe ipo.” Alimtazama mama, akanitazama mimi. “Kitabu hiki hakikuficha kitu. Kimemtoa mtu wake na miungu yake hadharani, anayetaka acheke, anayetaka akatae. Aliyeficha ni wewe, binti wa Kiislamu.”

“Nisamehe, Mjomba.”

“Utarudi shuleni,” alisema, akaishika tezo tena. “Si kwamba nakuamini. Lakini ukiolewa sasa utakwenda kumdanganya mtu asiyejua kusikiliza. Soma hadi mwisho, na kila likizo utanisomea. Nitakuwa nachonga.”

Mtama ule ulitumika kwenye ngoma ya binamu yangu. Mimi nilirudi Nachingwea, na wenzangu waliponiita Bi Mhindi sikujali. Mjomba alinisikiliza likizo baada ya likizo, na hakuacha kunishuku hata siku moja.

Leo mimi ndiye ninayefundisha. Wanafunzi wangu wana madawati, wana taa ya umeme, na wana vijitabu vya majibu vilivyopigwa stensili ambavyo huwaambia riwaya inahusu nini, ili wasipate taabu ya kukutana nayo. Hunijibu kwa ufasaha mkubwa, kila mmoja kwa sentensi zilezile. Nikiwauliza maua yako wapi, hutazamana, kisha yule mwerevu kuliko wote huuliza kama swali hilo litatoka kwenye mtihani.

Ningewacheka zaidi kama nisingejijua. Mara nyingi nasimama mbele ya watu nikieleza maisha yangu, na ninapofika mahali pa aibu nahisi ukurasa unataka kujigeuza wenyewe. Natega sikio, nikingoja tezo inyamaze. Watu wanatikisa vichwa kwa adabu, wananiamini. Hakuna anayechonga.