Nimenaswa chooni sinki limeng'olewa, mama mkwe yuko mlangoni

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Sitii chumvi hata punje, maana mke wangu Bhoke anasoma humu na akikuta uongo nitalala njaa.

Naishi Nyamisangura, hapa Tarime. Choo chetu cha kukaa kilikuwa kinavuja chini, pale sinki linapokaa kwenye sakafu. Ukiflashi tu, maji yanatambaa hadi mlangoni.

Kwa ujuaji wangu nikakoroga saruji nyeupe, nikazungushia sinki lote. Nikajipongeza. Haikupita wiki maji yakarudi, safari hii na harufu.

Sasa mama mkwe, anayekaa upande wa Serengeti, akafanyiwa upasuaji wa goti. Ikabidi afikie kwetu, awe karibu na hospitali. Kuchuchumaa hawezi, choo cha nje hakimfai. Na magongo yakiteleza kwenye yale maji, goti ndiyo basi tena.

Kwa wasiojua, sisi Wakurya tuna ensoni. Mwanaume na mama mkwe wake hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hamsemezani wala kutajana majina. Chooni ndiyo usiseme kabisa! Mpango ukawa nimalize kazi kabla Bhoke hajamleta kutoka hospitali, kisha nihamie Sirari kwa rafiki mpaka apone.

Muuza vifaa akaniuzia raba mpya, akasema saruji siyo dawa. Nikafunga koki, nikakausha maji, nikagonga saruji kwa tindo polepole sinki lisipasuke. Nikalinyanyua.

Kumbe raba inayounganisha sinki na bomba la chini ilishachanika! Saruji yangu ilikuwa inafungia uchafu ndani tu.

Nipo pale, bukta imelowa, sinki limelala ubavu, nasikia gari. Halafu magongo koridoni, ko, ko, ko. Wamewahi!

"Bhoke, choo kiko wapi? Nimebanwa," mama mkwe akasema.

Wakuu, nikatazama dirishani. Dirisha la kile choo paka mwenyewe anapita kwa kujibana. Kumjibu siwezi, kutoka siwezi.

Bhoke akanong'ona mlangoni, "Baba Chacha, fanya haraka, mama anatetemeka."

Nikapachika raba, nikashusha sinki, nikakaza nati huku kidogo, kule kidogo. Ukikaza upande mmoja kwa papara linapasuka. Nikafungua koki, nikaflashi, nikapapasa chini kwa karatasi. Kavu. Nikaflashi tena. Kavu!

Lakini natokaje?

Kisha mama mkwe akapaza sauti makusudi: "Bhoke, humo ndani si kuna fundi? Mwambie fundi apite. Mimi nimegeukia ukutani."

Nikatoka kichwa chini, spana mkononi. Yeye kajifunika kanga, kanipa mgongo. Jioni ile ile nikahamia Sirari.

Funzo: choo kikivuja chini usikimbilie saruji. Ng'oa, kagua raba, jaribu kwa maji, ndiyo uzibe.

Wenye wakwe wa ensoni, ingekuwa wewe ungetokaje? Shusheni maoni.

Mama alipona, akarudi kwake anatembea. Jina langu bado halitaji, ila kila akimpigia Bhoke simu, kabla ya kukata namsikia: "Haya, msalimie fundi."