Printa ya Maswali Tisa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nashuka kwenye basi nikitokea Sitalike, nakuta lori la afya limesimama mbele ya ofisi yetu ya wilaya pale Mpanda. Dereva anapiga honi kama kichaa. Tangu jana yake alikuwa anasubiri matangazo ya kipindupindu ayapeleke Karema, kule ziwani: chemsheni maji, chimbeni vyoo, mgonjwa msimfiche. Ndani nikamkuta Mama Paskalia, mpiga taipu wetu wa siku nyingi, anayaandika kwa mkono, moja moja. Vidole vilikuwa vimemvimba. Taipu yake ilishapelekwa ofisi ya Kabungu siku ile tulipoletewa printa.

Miaka hiyo ya tisini kompyuta ilikuwa moja tu ofisini, na fundi wake nilikuwa mimi, binti niliyesomea Dar nikarudi najiona. Programu ya kuunganisha printa na kompyuta niliiandika mwenyewe. Iliuliza maswali tisa, yote kwa Kiingereza. Ukikwama popote, inakuandikia namba tu, kama "Kosa 27", basi, imenyamaza. Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi: ningeweza kuirahisisha. Niliiacha ngumu makusudi. Nilipenda kuitwa.

Sasa nikiwa Sitalike umeme ulikatika ghafla ofisini, na uliporudi kompyuta ilikuwa imesahau kabisa kwamba ina printa. Mama Paskalia alijaribu mchana kutwa. Kosa 27. Kosa 27.

Nikakaa, nikabonyeza, dakika tatu printa ikaanza kukereza. Lori likaondoka, limechelewa siku nzima. Ile siku moja ilimgharimu nani kule ziwani? Sikuwahi kujua, mwanangu. Mpaka leo sijui.

Mama Paskalia hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Dada yangu yuko Karema," akasema. "Wewe umesoma, mimi sijasoma hivyo. Ila hebu niambie, hii mashine inajua waya wake umechomekwa wapi?"

"Inaweza kujua, mama."

"Sasa kwa nini inaniuliza mimi?"

Nikaushika ule waya, nikauzungusha vidoleni.

"Na hilo kosa ishirini na saba, ni kosa langu au lake?"

"Maana yake printa haijawashwa, mama."

"Haijawashwa!" Akapiga meza. "Si iseme haijawashwa! Swichi naijua mimi!"

Nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Nikamwambia kila kitu, mpaka lile la makusudi. Akaivuta kibodi karibu yake. "Basi tuitengeneze," akasema. "Leo leo. Mimi nitabonyeza, wewe kaa nyuma yangu ufunge mdomo. Nikikwama, andika nilipokwama."

Wee! Kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko kulima. Mkono wake unaelekea pabaya, na mimi nauma ulimi. Lakini kila alipokwama nilijifunza jambo ambalo Dar hawakunifundisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki nilikitandika mimi wakalalia wengine.

Tukaanza kufyeka. Maswali tisa yakawa matano, kesho yake mawili. Nilikuwa naamka naimba, nakimbilia kazini kabla ya chai! Mwisho likabaki moja tu, kwa Kiswahili: "Je, karatasi imetoka?" Siku hiyo Mama alibonyeza mara moja, printa ikakereza, karatasi ikatoka imeandikwa: "Habari za kazi, Mama. Mimi printa niko tayari." Akaisoma kwa sauti, akasimama, akapiga vigelegele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Masika yaliyofuata malaria ikaniangusha wiki nzima. Umeme ukakatika tena, matangazo yakahitajika tena. Hakuna aliyekuja kunigongea mlango. Niliporudi kazini nikaambiwa yameshafika Karema siku ile ile. Moyo uliniuma kidogo, sikudanganyi. Halafu ukajaa furaha ambayo kuitwa hakujawahi kunipa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe unayetengeneza vitu vya kutumiwa na watu. Mashine isimuulize mtu jambo inalolijua yenyewe. Ikishindwa, iseme kimeharibika nini na afanye nini, kwa lugha anayoongea nyumbani kwake. Kabla hujasema kazi imekwisha, mkalishe atakayeitumia, umwangalie bila kumsaidia. Akikosea, usimcheke, akili ni nywele, na hapo aliyekosea huenda ni wewe. Na usiifungie kazi ndani ya ugumu ili watu wakutafute. Huo ni uchoyo, hata ukiuita utaalamu.

Mungu akupe mikono yenye akili na sikio la kusikia. Akujalie kazi yako iwafae watu siku ambayo hupo, nawe ukisikia hivyo, ufurahi. Amina.