Pembe Isiyo na Upepo

Pembe ile ya sebule isiyopigwa na upepo ilikuwa ya Bibi Fundi na cherehani yake tangu mumewe angali hai. Kwa cherehani hiyo alimlea mwanawe wa pekee mpaka akawa mtu mzima mwenye mke. Siku mwana huyo aliporudi na samaki wa pambo, beta mwekundu mwenye mapezi marefu kama pindo la gauni, alitazama huku na huku, kisha akaibeba cherehani akaitoa barazani.

"Samaki huyu hawezi baridi, mama. Na wewe macho yenyewe ndiyo hayo, unashona nini tena?"

Bibi Fundi alipewa kokoto azisuuze bila sabuni, akazisuuza. Mkwewe akazipanga ndani ya tangi la kioo, akamimina maji yaliyolazwa ndooni, wakamtia samaki, wakapiga makofi.

Nje manyunyu yalikuwa yakiirukia cherehani. Mama mtu akachukua shuka lake la kulalia, akaenda kuifunika.

"Jamani, mama kanuna!" mwana akacheka. "Unamwonea wivu samaki?"

"Samaki simlaumu," akamjibu. "Yeye sikumzaa mimi."