Safari ya Kwenda Kutazama Ukuta

Stefano Kefa alikuwa mpishi wa Mzungu kule Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatutawala na kutuamulia hata urefu wa matuta ya viazi. Alikuwa babu yangu. Kwa hiyo nikimsema vibaya, namsema kwa haki ya urithi, maana shamba hakuniachia.

Bwana wake aliitwa Bwana Miwani, kwa sababu ambayo hata kipofu angeikisia. Huyu Bwana Miwani alikuwa na ugonjwa wa kwenda kutazama. Kila akipata likizo alipakia kwenye gari mke, watoto, mbwa, viti vya kukunja na Stefano, kwa mpangilio huo huo wa heshima, wakaenda. Walikwenda Kondoa kutazama michoro ya watu wa kale kwenye miamba. Walikwenda Serengeti kutazama wanyama. Huko Stefano aliwaona watu wazima, wenye akili na mshahara, wakimkodolea macho pundamilia mpaka pundamilia akageuka akawapa mgongo kwa haya. Mnyama ambaye kwetu akiingia kwenye mtama watu hutoka na mikuki, Wazungu walikuwa wakinong'onezana: taratibu, asije akashtuka.

Mwanzoni Stefano alidhani wamepoteza kitu wanakitafuta. Baadaye akaelewa. Kumbe familia yenye heshima zake hutoka pamoja, ikavaa vizuri, ikabeba chakula, ikaenda mahali ambako haina shida nako, ikatazama, ikarudi. Jambo hilo likamwingia kichwani likakaa, kama funza kwenye kidole.

Sasa, Stefano alikuwa na mama mkwe.

Dorkas alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Alipomwoza binti yake Selina aliambiwa mkwe anafanya kazi kwa Mzungu, naye akajenga kichwani picha ya mwanamume mwenye sururu anayebomoa mlima. Miaka ikapita, wajukuu wawili wakazaliwa, Raheli na mdogo wake Paulo. Ndipo siku moja ukweli ukamponyoka mtu: mkweo anamenya viazi, anafua nepi za mtoto wa Kizungu, na amefungwa kitambaa kiunoni.

Dorkas alikuja Sekenke kwa miguu. Alifika mwezi wa sita, mtama ukiwa umeanza kukatwa, akamwambia binti yake, "Fungasha. Mtama ukishaingia ghalani tunaondoka wote, na watoto. Sikukuzaa uje uolewe na mwanamke mwenzako."

Na hakuwa anatania. Ndugu zake wa kiume walikuwa wameshaambiwa wakae tayari kurudisha mahari.

Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Hivyo Stefano alitukanwa nyumbani kwake mwenyewe wiki nzima bila kuambiwa neno hata moja.

"Mwambie huyo mwenye nyumba," Dorkas alikuwa akisema huku akiutazama ukuta, "moshi wake unanuka vitunguu vya Wazungu."

"Mwambie mama," Stefano alikuwa akijibu huku akiutazama mlango, "hivyo vitunguu ni vya Singida."

"Mmeshasikiana," Selina alikuwa akisema. "Mimi natwanga."

Stefano aliwaza, akakonda, na katika kukonda kule akapata wazo. Dorkas alipenda kusimulia kwamba alipokuwa kigoli alibeba mawe ya kujengea boma la Mjerumani kule Ilongo, kilimani. Boma lenyewe sasa lilikuwa gofu. Wazungu si huenda kutazama magofu? Basi sikukuu ya Malkia ikifika, Bwana Miwani akiwa kwa rafiki zake, Stefano angempakia mama mkwe kwenye motokaa ampeleke kutazama kazi ya mikono yake. Ni mwanamume gani Iramba nzima aliyewahi kufanya hivyo? Moyo wa Dorkas ungelainika tu.

"Mwambie huyo mwenye nyumba nitakwenda," Dorkas alisema Selina alipomfikishia mwaliko. "Nataka kuona kama jiwe langu limekaa sawa."

Motokaa yenyewe ilikuwa lori la tajiri mmoja wa ngozi wa Singida mjini, na dereva wake aliitwa Mrisho, mtu wa maneno mengi ambaye baba yake alitokea pwani na hakuacha watu wasahau. Alikubali kuwachukulia Shelui, jirani na Sekenke, awashushe Ilongo, yeye aendelee na ngozi zake, awapitie jioni.

Siku hiyo Stefano alivaa koti alilopewa na Bwana Miwani, ambalo mikono yake iliishia pale viwiko vyake vilipoanzia kuwa na mashaka. Selina alivaa kaniki mpya. Watoto walipakwa mafuta mpaka nzi walikuwa wakiteleza. Na chakula, ndugu zangu! Stefano alipika kama anayempikia Gavana: sufuria kubwa la kuku, sufuria la wali, kapu la maandazi, na viazi vya kuchemsha, kwa kuwa alikuwa hajawaona Wazungu wakienda kutazama kitu chochote bila viazi.

"Mama akae mbele na mimi, apate kupumzika," Mrisho alisema.

"Mwambie dereva sikai ubavuni kwa mwanamume nisiyemzaa."

Basi Dorkas alikaa nyuma kabisa ya lori, juu ya gunia la chumvi, akiangalia walikotoka. Stefano alisimama mbele kabisa, ameshika bomba, akiangalia waendako na kumeza wadudu. Katikati walikaa Selina, watoto na masufuria. Mkwe na mama mkwe walisafiri wamepeana migongo kama walinzi wa benki.

Walisimama kwenye kijito ili Mrisho alinyweshe lori maji. Wanawake waliokuwa wakikata mtama kando ya njia wakasogea. Baada ya salamu, mmoja akauliza, "Mnakwenda wapi?"

"Ilongo," Stefano alijibu kutoka juu.

"Kuna nini Ilongo?"

"Hakuna kitu. Tunakwenda kutazama tu."

Wanawake wakatazamana. Hapa inabidi nikueleze. Wakati wa mavuno hakuna mtu mwenye akili timamu anayeacha mtama wake kwa ndege, akavaa nguo njema, akabeba masufuria ya chakula kilichopikwa, isipokuwa mtu amekufa. Na mtu akifa, mzee anayehusika haambiwi njiani. Anaambiwa twende tukatazame tu, mgonjwa hajambo kidogo, hakuna kitu. Anaambiwa akishafika, mbele ya watu wa kumshika. Kila mtu anaijua hiyo. Stefano naye aliijua, ila siku hiyo akili yake ilikuwa Serengeti.

"Masikini, yule bibi hajaambiwa," mwanamke mmoja alinong'ona, kwa ule mnong'ono wa kwetu unaofika mpaka Shelui.

"Nyamaza wewe! Kalete unga."

Wakapanda lorini na unga wao, watano, kimya, wakakaa chini kwa adabu. Stefano aligeuka akawaona, akafurahi. Akadhani habari ya kutazama imeanza kuwaingia na wengine.

Kijiji kilichofuata walipanda wanaume wawili wenye majembe. Kilichofuata akapanda mzee na mbuzi.

"Stefano," Mrisho alipaza sauti dirishani, "hawa wote ni wa kwenu?"

"Ni watalii!" Stefano alijibu. Neno hilo alilitoa kwa Bwana Miwani, na Mrisho hakutaka kuonekana hajui.

Dorkas, kule nyuma, alikuwa ameacha kutukana. Stefano alilisikia lile jambo la kutosikia kitu, akamshukuru Mungu: moyo umeanza kulainika. Kumbe mama wa watu alikuwa akifanya hesabu zake. Majembe. Unga. Mbuzi. Wanawake wanaomwangalia kwa huruma. Na huyu mwenye nyumba, asiyewahi kumpeleka popote, leo amemkodia motokaa. Sasa ni nani? Dada yake aliyeolewa upande wa Ilongo? Mtoto wa dada?

Lori lilipopanda kilima na lile gofu kuonekana, watu wa Ilongo walikuwa wameshaona vumbi na watu waliojazana, nao wakaanza kuteremka kupokea. Dorkas hakungoja kushushwa. Aliruka, akatupa kitambaa cha kichwani, akapiga ukelele mpaka mbuzi waliokuwa wamelala ndani ya boma walitoka wote kwa pamoja kama waliofukuzwa kazi.

"Ni nani? Niambieni ni nani! Mmenificha njia nzima!"

Wale wanawake watano wakaitikia. Wa Ilongo wakaitikia. Dakika hiyo kilima kizima kilikuwa kinalia, na Stefano amesimama katikati, koti limembana, ameshika kapu la maandazi.

Mrisho alivua kofia yake. "Kaka, pole sana," alisema. "Asubuhi ungeniambia, nisingekuwa naimba." Akaondoa lori taratibu, kwa heshima zote, akiwaacha.

Selina alimvuta mumewe pembeni. "Nani amekufa?"

"Hakuna!"

"Basi kamwambie."

"Mimi? Siruhusiwi kusema naye!"

Ikawa kweli. Mtu pekee aliyejua kwamba hakuna msiba ndiye aliyekatazwa na desturi kufungua mdomo. Selina ilibidi aende mwenyewe. Akapiga magoti kwa mama yake, akamsemesha sikioni. Kilio cha Dorkas kilikatika kama kamba. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiongoza, kila mtu akanyamaza.

Mzee Simeoni, mkubwa wa pale Ilongo, alisogea na fimbo yake. "Mama, pole. Tumekuja wote, na kaburi tutachimba. Tuambie tu, msiba ni wa nani?"

Stefano alitazama chini. Alijua kinachokuja. Mama wa watu ameangua kilio na kuvua kitambaa mbele ya kata nzima, kwa ajili ya ukuta. Hata mtama hawangeungoja tena. Selina angeondoka leo hii, kwa miguu, na watoto wakiwa bado wanang'aa mafuta.

Dorkas alikuwa ameutazama ule ukuta. Mawe yalikuwa makubwa, meusi kwa chini, na mbuzi mmoja jike alikuwa amebaki mlangoni na mtoto wake wa jana. Alitazama mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Ni wa Alute," akasema.

"Alute yupi?"

"Kaka yangu. Tulibeba mawe pamoja hapa. Jiwe lilimponyoka pale kwenye mteremko, likamrudia. Wakamfukia hapo nyuma jioni ile ile, na asubuhi tukaambiwa tubebe. Nyumbani tuliporudi ilikuwa njaa, kila mtu ameshakimbilia kwake. Hakuna aliyemlilia. Hata mama hakupata nguvu."

Hakuna aliyesema huo ni msiba wa zamani mno. Mzee Simeoni alishusha fimbo, akakaa chini. Wengine nao wakakaa. Halafu kilio kilianza upya, na safari hii hakikuwa cha fujo. Hata mwanamke wa kijito, aliyekuja na unga wake kwa ajili ya mtu asiyemjua, alilia mpaka akafutwa machozi na wenzake.

Wenye majembe, kwa kuwa walikuja nayo, walikwenda nyuma ya boma wakafyeka majani na kupanga mawe mahali Dorkas alipowaonyesha.

"Haya, mkwe yuko wapi?" Mzee Simeoni aliuliza. Maana msibani mkwe ndiye punda: kuni ni zake, maji ni yake, na watu wakilala njaa aibu ni yake.

Macho yote yakamwangukia Stefano. Naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaelewa anachotakiwa kufanya. Alivua koti, akalitundika kwenye mti. Mbuzi wa yule mzee akachinjwa. Kuku wa familia moja akaunganishwa na mchuzi wa mbuzi, unga ukawa ugali, viazi wakapewa watoto na wazee wasio na meno. Stefano aliwaamuru watu kama alivyomsikia Memsahibu, mke wa Bwana Miwani, akimwamuru yeye: huyu kuni, yule maji, wewe toa mkono kwenye sufuria. Wanawake wa Ilongo walisema hawajawahi kuona mkwe msumbufu kiasi kile, na wakaomba maandazi zaidi.

Dorkas alikula nyuma ya ukuta, na wanawake wenzake, mbali na macho ya mkwewe, kama inavyotakiwa. Stefano alingoja upande wa pili, akijifanya anapuliza moto uliokwisha kuwaka. Hatimaye ile sauti ikapita juu ya mawe.

"Selina!"

"Abee mama."

"Mwambie mkwe wangu mchuzi umepungua chumvi."

Selina alikuja mbio, lakini alimkuta mumewe amekaa chini majivuni, ameshika mwiko, anacheka peke yake na machozi yanamtoka. Wiki nzima alikuwa "huyo mwenye nyumba".

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie mama naongeza."

Jioni Mrisho alirudi na ngozi zake akawapakia wote, waombolezaji na masufuria, akawa anaendesha polepole huku akisoma dua. Dorkas alikaa Sekenke mpaka mtama ulipoingia ghalani. Kisha akafunga kifurushi chake kimoja, akaondoka peke yake kama alivyokuja, na kule kwao akaenda kuwatangazia ndugu waliokaa tayari kwamba wamekaa bure: yeye ana mkwe aliyetoka kazini kwa Mzungu akaja kumzikia kaka yake.

Bwana Miwani aliporudi alimkuta mpishi wake anamenya viazi. Aliambiwa kwamba Stefano naye alikwenda na familia kutazama boma la kale, akafurahi sana, akakaa kwenye meza ya jikoni na kuuliza: je, kuta zake zina unene gani? Zina madirisha mangapi? Ni zuri?

Stefano alifikiri kwa uaminifu.

"Samahani, Bwana," akasema. "Sikupata nafasi ya kulitazama."